Jumba Lililosema Mno

Mwezi wa Julai mwaka 1999, katika majira ya joto ambapo makampuni makubwa ya filamu ya Marekani hutoa ghalani bidhaa zao za thamani zaidi, kampuni ya DreamWorks ilileta mbele ya watu filamu iitwayo The Haunting, hekaya ya jumba lenye pepo, iliyokula dola milioni 80 hivi, ikaongozwa na mtu mwenye sifa ya kuamrisha mitambo na maangamizi, ikachezwa na waigizaji ambao nyuso za baadhi yao zilikuwa zimekwisha kuzoeleka Mashariki na Magharibi. Na kabla juma moja halijapita, wahakiki wa magazeti, ambao si ada yao kukubaliana juu ya jambo lolote, walikuwa wamekwisha kutoa hukumu iliyokaribia kuwa moja. Walisema haitishi. Filamu ya mapenzi ikiambiwa haina mapenzi, mtu aweza bado kuitazama kwa ajili ya mavazi na mandhari. Filamu ya hofu ikinyimwa hofu yake huonekana kuwa haina hata pa kujitetea.

Hata hivyo watu walikwenda. Siku tatu za mwanzo zilileta zaidi ya dola milioni 33, na filamu ikashika nafasi ya kwanza katika mapato ya juma lile; ilipomaliza mzunguko wake wa dunia ilikuwa imekusanya dola milioni 177 na ushei, fedha ambazo, hata baada ya kutoa gharama za matangazo na fungu la wenye majumba ya sinema, haziwezi kuitwa msiba. Kwa hiyo habari hii si habari ya hasara. Ni habari ya dharau: habari ya filamu iliyokatiwa tiketi na mamilioni ya watu na kuheshimiwa na wachache mno, hata wale wanaogawa tuzo za dhihaka ziitwazo Golden Raspberry, ambazo hutunukiwa kazi mbovu kupita zote za mwaka, wakaitaja katika mafungu matano, likiwamo la filamu mbaya na la mwongozaji mbaya. Taji la ubaya likaenda kwa Wild Wild West. Hata katika daraja hilo The Haunting haikupata cheo cha kwanza.

Ili kuijua sababu ya ukali ule, yafaa turudi nyuma miaka arobaini kamili, kwani wahakiki wa 1999 hawakuwa wakiitazama filamu moja. Walikuwa wakitazama moja huku wakiikumbuka nyingine, na nyuma ya hizo mbili kilisimama kitabu. Shirley Jackson, mwandishi aliyekuwa na makazi yake North Bennington katika jimbo la Vermont, ambaye tangu 1948 alijulikana kwa hadithi fupi iliyowaudhi wasomaji wa jarida la The New Yorker hata wakaandika barua za ghadhabu kwa mamia, alitoa riwaya yake The Haunting of Hill House mwaka 1959, nayo ikaingia miongoni mwa vitabu vilivyoshindania tuzo ya National Book Award. Mwanachuoni mmoja, mwenye shauku ya kuyachungua mambo ya ghaibu kwa njia za kisayansi, analipanga jumba lenye sifa mbaya na kuwaalika watu wakae naye humo. Miongoni mwao yumo Eleanor Vance, mwanamke wa miaka 32, ambaye miaka 11 ya ujana wake imekwisha katika kumwuguza mama yake, na ambaye hajui, wala msomaji hajui, kama usiku ule wa kufa kwake, mama alipogonga ukuta akimwita, yeye alisikia kisha akajilaza tena, au hakusikia kabisa.

Jumba linapoanza kugonga kuta usiku wa manane, linagonga mahali palipokwisha kuuma. Hii ndiyo hila ya kitabu kile, na ni hila ya ustadi mkubwa: pepo wa Hill House hawana haja ya kuja na kisa chao wenyewe, maadamu Eleanor amekuja nacho katika mzigo wake. Ndani ya kuta ambazo pembe zake zote zimepotoka kidogo, hata milango hujifunga bila ya mkono wa mtu, anapata kwa mara ya kwanza maishani mwake mahali panapomtaka. Na hatimaye, wenzake wanapomwamuru aondoke kwa ajili ya usalama wake, anauelekeza usukani wa gari kwenye mti. Jackson halaumu wala hatetei. Msomaji anaachwa na mashaka matatu au manne mikononi, na hakuna mlango wa kutokea uliowekwa alama.

Mwongozaji Robert Wise alikutana na riwaya hiyo alipokuwa katika shughuli za West Side Story, na kabla hajaenda kuipiga The Sound of Music, iliyomwingiza katika kila nyumba ya ulimwengu, aliichukua hadithi ya Eleanor mpaka Uingereza na kuipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa gharama iliyozidi kidogo tu dola milioni moja. Filamu ikatoka mwaka 1963. Wise alikuwa amelelewa katika fani hiyo na Val Lewton, mtayarishaji wa kampuni ya RKO katika miaka ya 1940, ambaye umaskini wa bajeti ulimfundisha kwamba kivuli hugharimu kidogo kuliko dubwana na hukaa akilini muda mrefu zaidi. Wise na Nelson Gidding, aliyeiandika filamu, walisafiri kwenda kumwona Jackson kwao Vermont, na Gidding akamfunulia dhana yake kwamba pengine mambo yote yale ni mazigazi ya akili ya Eleanor iliyougua. Bibi akajibu kuwa wazo hilo ni zuri, lakini kitabu chake kilikuwa kinahusu ghaibu ya kweli. Basi waliondoka na tafsiri mbili badala ya moja, wakazitia zote mbili katika filamu bila ya kuipa hata moja ushindi.

Katika ufundi wa filamu ile mna mambo ambayo ningependa kuyakalia kidogo, kwa sababu ndiyo waliyoyabeba wahakiki wa 1999 walipokwenda kumhukumu mrithi wake. Wise aliitaka kampuni ya Panavision impe lenzi pana ya milimita 30 ambayo ilikuwa bado haijakamilika na ilikuwa ikiipindisha picha. Wakampa baada ya kumtaka atie saini karatasi ya kukiri kwamba anazijua kasoro zake. Kasoro zile ndizo alizozitaka. Kuta zikainama, dari zikashuka, na mtazamaji akajisikia kizunguzungu asichoweza kukitaja chanzo chake. Mlango unaopumua, ambao hata leo hutajwa na kila anayeandika juu ya filamu hiyo, ulikuwa umetengenezwa kwa mbao zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, na nyuma yake alisimama mtu wa kawaida mwenye mikono yenye nguvu akiusukuma: watu wanne wamekaa sebuleni, hawathubutu kusema, na ubao unavimba kuwaelekea kama kifua cha mgonjwa, kisha unarudi. Julie Harris, aliyekuwa Eleanor, alijitenga na wenzake siku zote za upigaji, hata Claire Bloom, aliyemcheza Theodora, mgeni mwenzake jumbani, akadhani amemkosea jambo. Kazi ilipokwisha Harris akamwendea na zawadi, akamweleza kwamba alikuwa akiulinda upweke wa Eleanor usije ukamtoka.

Tusijidanganye, lakini, kwamba filamu hiyo ilipokewa kwa vigelegele. Mwaka 1963 walikuwapo wahakiki waliosema kwamba inasisimua mwili bila ya kuishibisha akili, na mapato yake hayakuwa ya kutangazwa. Heshima yake ilikuja polepole, kwa kuonyeshwa katika televisheni saa za usiku, kwa vijana walioiona wakiwa peke yao na baadaye wakawa waongozaji, mpaka mwaka 2009 Martin Scorsese, alipoulizwa filamu zilizomtisha kupita zote, akaiweka juu kabisa ya orodha yake. Mhakiki aliyeingia ukumbini mwaka 1999 alikuwa, kwa hiyo, na umri wa miaka arobaini au hamsini, na alikuwa ameingia na hofu yake ya utotoni mfukoni. Kushindana na hofu ya namna hiyo ni kazi ngumu hata kwa mwenye dola milioni 80.

Mwenye dola hizo alikuwa Jan de Bont, Mholanzi, ambaye kabla ya kuwa mwongozaji alikuwa mpiga picha mahiri. Die Hard ya 1988 na Basic Instinct ya 1992 ni kazi za jicho lake. Alipokabidhiwa uongozi alipata sifa kwa Speed ya 1994, yenye basi lisiloruhusiwa kupunguza mwendo, na kwa Twister ya 1996, yenye tufani zirushazo ng'ombe angani. Kisha Speed 2 ya 1997 ikamwangusha. Mradi wa Hill House wenyewe ulikuwa umepita mikononi mwa wengine kabla yake: Steven Spielberg alikuwa amezungumza na Stephen King juu ya filamu ya jumba la namna hiyo, wasiafikiane, na King akaondoka na mawazo yake yaliyokuja kuzaa Rose Red ya televisheni mwaka 2002, Wes Craven naye aliugusa, akauacha, akaenda kuipiga Scream.

Sura ya nje ya jumba la de Bont ni Harlaxton Manor, kasri la karne ya 19 lililoko Lincolnshire, Uingereza, ambalo kwa miaka mingi sasa limekuwa tawi la chuo kikuu kimoja cha Marekani. Lakini vyumba vya ndani vilijengwa Long Beach, California, chini ya kuba kubwa lililowahi kuhifadhi ndege ya mbao ya Howard Hughes, ile ndege kubwa kupita kiasi iliyoruka mara moja tu, mwaka 1947, kwa muda mfupi, isiruke tena. Mtu mwenye kupenda ishara angeliweza kuweka kalamu chini hapo hapo. Eugenio Zanetti, Mwargentina aliyekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa kuipamba Restoration, alilijaza kuba lile malaika wa mbao na simba wa mawe, chumba cha duara chenye vioo kinachozunguka, ushoroba uliofurika maji ambamo watu wanavuka kwa kukanyaga vitabu, jiko la moto ambalo kinywa chake chaweza kumeza gari, na milango ya shaba yenye nakshi za roho zinazoteseka. Jerry Goldsmith akaandika muziki. Mafundi wa sauti wakazisikilizisha pande zote za ukumbi ngurumo za chini kwa chini zilizokuwa nzuri kiasi cha kwamba, filamu ilipotoka katika diski, wapenzi wa ala za sauti waliitafuta kwa ajili ya kupimia spika zao, wakiruka maneno ya waigizaji.

Na humo ndimo yalimotoka mashtaka. Kerubi wa mbao wanageuza nyuso. Shuka inavimba na kuwa uso wa mtoto. Kitanda kinakunja miguu yake na kumfungia mwenye kulala. Sanamu ya bwana wa jumba inamvuta daktari majini, simba wa jiko la moto anamkata kichwa kijana Luke, mmoja wa wageni, na mwishowe bwana mwenyewe, Hugh Crain, aliyekufa zamani, anatokea akiwa wingu jeusi lenye mikono na meno, lililofinyangwa kwa kompyuta, akinguruma ukumbi mzima. Wahakiki walisema kwamba filamu ya Wise haikuonyesha kitu ikatisha, na hii imeonyesha kila kitu isitishe. Kwamba Liam Neeson anaonekana kutahayari, Catherine Zeta-Jones amepewa mavazi badala ya mhusika, na Owen Wilson yumo katika kichekesho cha peke yake. Mengi ya hayo ni kweli. Mtu akiitazama leo, ambapo picha za kompyuta za mwaka ule zimekwisha kuchakaa, huona ni kweli zaidi.

Bahati nayo haikuwasaidia. The Blair Witch Project, iliyopigwa na vijana kwa kamera za mkononi katika misitu ya Maryland kwa makumi ya maelfu ya dola tu, ilikuwa imeanza kuonyeshwa katika kumbi chache tarehe 14 Julai, na ikaenea Marekani nzima tarehe 30, siku saba baada ya The Haunting. Ikakusanya karibu dola milioni 250 pasipo mchawi wake kuonekana hata unywele. Tarehe 6 Agosti ikaja The Sixth Sense ya M. Night Shyamalan, iliyoongea kwa sauti ya chini na kuwaliza watu. Hakuna ambaye angeliweza kuwachagulia watu wa DreamWorks majirani wabaya zaidi, na makala nyingi za majira yale zilijiandika zenyewe: msitu mtupu umelishinda kasri. (Wagawa tuzo za dhihaka, tuliowataja juu, waliiweka The Blair Witch Project katika orodha ile ile ya filamu mbaya za mwaka, mizani yao, basi, yataka kutazamwa kwa jicho moja.)

Mmoja wa waliokataa kuimba pamoja na wenziwe alikuwa Roger Ebert wa Chicago Sun-Times, mhakiki ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la wengi, naye aliipa nyota tatu kati ya nne. Hakudai kwamba inatisha. Alisema, kwa muhtasari, kwamba mahali penyewe panastahili kutazamwa: kwamba jumba limebuniwa kwa fahari na wingi wa dhana, hata kutembea ndani yake kukawa ni raha ya kutosha. Wapo walioicheka hukumu hiyo, na mimi si mmoja wao. Sinema ni sanaa ya macho kabla ya kuwa sanaa ya kitu kingine, na Zanetti alifanya kazi ambayo ingelisifiwa kwa kurasa nyingi kama ingelikuwa imefanywa katika filamu ya wafalme. Aliyejenga hana hatia ya aliyekaa.

Lakini hoja ya waliokuwa wengi yanitia mashaka zaidi kuliko hukumu ya Ebert. Walichukua tabia ya filamu moja, iliyopigwa na mtu mmoja aliyelelewa na mwalimu maalumu, wakaifanya kanuni ya milele: kisichoonekana ndicho kitishacho. Stephen King, katika kitabu chake Danse Macabre cha 1981, alikuwa amekwisha kulijadili jambo hilo kwa utulivu mkubwa kuliko wao. Alimnukuu mwandishi William Nolan, aliyesema kwamba mlango ukifunguliwa na akatokea mdudu wa futi kumi, mtazamaji hupiga ukelele na wakati huo huo hushusha pumzi, kwani alikuwa akimdhania wa futi mia. Na King, pamoja na kuiheshimu filamu ya Wise, akasema kwamba yeye binafsi angependa mlango ufunguliwe. Hapa nasimama upande wa King. Katika The Innocents ya Jack Clayton, iliyotoka 1961, mzuka wa mwanamke unasimama katikati ya matete ng'ambo ya ziwa, mchana kweupe, hausogei wala hautishii mtu, nao ni katika mambo ya kuogofya kabisa yaliyowahi kupigwa picha. Unaonekana wazi. The Exorcist ya 1973 haikuficha takriban kitu chochote, na watu walitolewa kumbini wakiwa hawajiwezi.

Wala hofu za kwetu Pwani hazikusimama juu ya kutoonekana peke yake. Mwaka 1995, pepo aitwaye Popobawa alipoitikisa Pemba kisha Unguja, na jamaa nzima zikalala nje makundi kwa makundi wakiota moto kwa kuogopa vyumba vyao wenyewe, hapakuwa na uhaba wa watu wa kueleza mbawa zake na umbo lake. Aliyesikia alikuwa na picha kamili. Kilichowatoa watu ndani ni kile kilichosemwa kwamba anakitaka: aliyefikwa ni lazima awaeleze wengine, la sivyo atarudiwa. Hofu ilikuwa ina dai lake juu ya mtu, na dai hilo halikujibika kwa kuwasha taa.

Sasa tuitazame filamu ya 1999 kwa kipimo hicho, na kosa lake litaonekana liko mbali na kompyuta. David Self, aliyeiandika, hakumnyima Eleanor mama yake mgonjwa. Filamu inaanza na kifo cha mama huyo, na fimbo iliyokuwa ikigonga ukuta, na ndugu wanaoitamani nyumba ya marehemu. Mwanzo ule ni mzuri. Kisha mzigo wote ule unashushwa mlangoni mwa Hill House na hakuna anayerudi kuuchukua. Badala yake tunapewa kisa cha Hugh Crain, tajiri wa viwanda vya nguo, aliyewatoa watoto katika viwanda vyake akawaua, akaichoma mifupa yao jikoni mwa jumba, na ambaye anazizuia roho zao mpaka leo. Nell, kama anavyoitwa humu, anafukua madaftari, anahesabu majina, anagundua kwamba yeye mwenyewe ni wa ukoo wa mke wa pili wa Crain na kwamba ameitwa kuja kuwakomboa watoto. Anamkabili dhalimu, anamshinda, anakufa, na roho yake inapaa juu pamoja na roho za wadogo katika nuru ya dhahabu.

Hii si hadithi ya hofu tena. Ni kesi, yenye mshtakiwa, mashahidi, vielelezo na hukumu, na hukumu hiyo ni ya haki kabisa, jambo ambalo ndilo linaloiua. Nani atakayelala na taa usiku kwa kuogopa hukumu ya haki? Eleanor wa Jackson aliogopwa na kuhurumiwa kwa sababu ile ile moja, kwamba huenda ni yeye. Huenda mkono ulioandika jina lake ukutani ni mkono wake, na huenda usiku wa mama yake alisikia. Nell wa de Bont ametakaswa tangu nusu ya filamu. Kila kinachogonga ni Crain, kila kinacholia ni watoto, na kwake yeye hakuna lililobaki isipokuwa wema. Wise ana tukio ambalo Eleanor, gizani, anaushika kwa nguvu mkono anaoudhani ni wa Theodora, na taa inapowaka Theodora yuko mbali, upande wa pili wa chumba. Swali analouliza Eleanor hapo, la ni mkono wa nani alioushika, haliwezi kujibiwa bila ya kuharibu kila kitu. Filamu ya 1999 ingelijibu mara moja, kwa jina na ukoo.

Wahakiki walilisogelea jambo hili walipolalamikia mwisho wa filamu, ambao wengi waliukejeli kwa utamu wake, lakini hawakulishika, kwa sababu macho yao yalikuwa yameshughulishwa na sanamu zinazotembea. Ningelithubutu kusema kwamba mizuka yote ya de Bont ingeliweza kubakia kama ilivyo, kerubi, simba na wingu, na bado filamu ikatisha, lau Nell angeliachiwa sababu moja ya kudhani kwamba wamekuja kwa ajili yake.

Ushahidi wa hayo, kwa kadiri ninavyouona, ni Lili Taylor mwenyewe, aliyemcheza Nell. Alikuja katika filamu ile akiwa na heshima ya filamu ndogo za watu wenye vichwa vigumu, I Shot Andy Warhol ya 1996 miongoni mwazo, na hata wahakiki wakali walimtofautisha na waliomzunguka. Baada ya miaka 14 aliingia tena katika jumba lenye pepo, safari hii katika The Conjuring ya James Wan, iliyogharimu dola milioni 20 hivi na kukusanya zaidi ya milioni 300, na mara hii hadhira na wahakiki wakakubaliana kwamba wametishwa. The Conjuring haifichi mzuka wake. Unakaa juu ya kabati na kuruka. Haifichi kisa chake pia. Tunaambiwa jina la mchawi na alilolifanya. Lakini pepo yule anaingia ndani ya mama na kuigeuza mikono yake dhidi ya watoto wake mwenyewe, na uso wa Taylor, ambao mwaka 1999 ulipewa kazi ya kuduwaa mbele ya mapambo, ulipewa safari hii kazi ya kujiogopa. Mwigizaji ni yule yule. Aliyebadilika ni mwandishi.

De Bont aliongoza filamu moja zaidi, ya Lara Croft mwaka 2003, kisha akaiacha kazi ya kuongoza. Kitabu cha Jackson hakikuacha kutafutwa. Mwaka 2018 Mike Flanagan aliitengenezea Netflix tamthilia ya sehemu kumi yenye jina kamili la riwaya, akaongoza sehemu zote mwenyewe, akabadilisha watu na matukio kwa uhuru ambao de Bont hakuufikia hata nusu, na akaficha mizuka kadhaa nyuma ya mapazia na ngazi, pasipo muziki wowote wa kumwambia mtazamaji atazame wapi. Wahakiki walimkaribisha kwa sifa ambazo mwaka 1999 zilikuwa zimefungiwa kabatini, na walipofika sehemu ya kumi wengi wao walinung'unika: familia imepatanishwa, machozi yamefutwa, jumba limekuwa karibu mahali pa faraja. Flanagan alieleza baadaye kwamba alikuwa amewaza kuliweka nyuma ya tukio la mwisho, ambapo ndugu wamekusanyika kwa furaha, dirisha la chumba chekundu cha jumba lile, ili mwenye macho ajue kwamba hawakutoka jumbani kamwe. Kisha akawaonea huruma watu wake, akaliacha. Mimi ningeliliweka.